Kutafuta king'amuzi cha PALplus: uchambuzi wa kisa cha onyesho lililobaki kwenye kaseti mbili

Usuli

Taasisi ndogo ya kuhifadhi picha na sauti katika nchi moja ya Ulaya Magharibi ilikuwa na jukumu la kuokoa onyesho la ngoma la jukwaani lililorushwa na kituo cha televisheni katikati ya miaka ya 1990. Jina la taasisi, la kituo na la onyesho lenyewe yameondolewa, pamoja na kila jambo ambalo lingewatambulisha wahusika. Onyesho lilipigwa picha kwa umbo pana la 16:9, lakini kaseti mama ya studio, ile iliyohifadhi mwangaza na rangi katika njia tofauti, haikupatikana tena. Zilibaki nakala mbili. Ya kwanza ni kaseti ya VHS iliyorekodiwa nyumbani na mtazamaji; ya pili ni kaseti ya D3, aina ya kidijitali ya studio, iliyorekodiwa ndani ya kituo, baada ya ishara kupita kwenye mtambo wa kusimba PALplus (mfumo wa analogia wa kurusha picha pana) na kabla ya kufika kwenye mnara wa kurushia.

Ombi lililomfikia mhandisi aliyepewa kazi hiyo lilikuwa fupi: atafute king'amuzi cha PALplus, yaani kifaa cha kuirudisha picha kamili kutoka kwenye ishara hiyo. Hakuulizwa ni kaseti ipi itakayopitishwa kwenye kifaa hicho, wala picha itakayotoka humo itanaswa kwa njia gani. Sehemu kubwa ya kisa hiki inatokana na maswali hayo mawili ambayo hayakuulizwa mwanzoni.

Kilichomo ndani ya ishara ya PALplus

PALplus ulikuwa mfumo wa analogia uliobuniwa kwa ushirikiano wa vituo vya utangazaji na watengenezaji wa televisheni wa Ulaya, katika kipindi ambacho mradi mkubwa zaidi wa bara hilo, HD-MAC wa televisheni yenye undani wa juu, ulikuwa ukielekea kuachwa mwaka 1993. Lengo lake lilikuwa la kiasi: kumpa mwenye televisheni pana picha kamili ya 16:9 bila kumnyima mwenye televisheni ya zamani ya 4:3 matangazo yake. Channel 4 ya Uingereza ilianza kuutumia mwaka 1994, na vituo vya Ujerumani, Uholanzi na nchi nyingine kadhaa viliutumia pia. Televisheni yoyote ya PAL, mfumo wa kawaida wa rangi wa analogia, pamoja na zile zilizokuwa majumbani Kenya na Tanzania wakati huo, ingeweza kuonesha ishara ya namna hii bila tatizo, ikiwa na weusi juu na chini ya picha.

Weusi huo ndio kiini cha mfumo. Picha ya PAL ina mistari 576 inayoonekana, na PALplus hutumia 574 kati yake kwa picha. PALplus huipanga picha pana katika mistari 430 ya katikati, kama mji wa kanga, na kuacha pindo mbili, ya juu na ya chini, ambazo kwa mtazamaji wa kawaida ni nyeusi tupu. Kwa kweli pindo hizo zina mistari 144 kwa jumla, na ndani yake umefichwa ule undani wa wima ulioondolewa picha ilipobanwa kutoka mistari 574 hadi 430. Ishara hiyo saidizi hupandishwa juu ya wimbi lilelile linalobeba rangi, la takriban 4.43 MHz, kwa kiwango kidogo kinachozunguka kiwango cha weusi. Ndiyo maana mtu akipandisha sana mwanga wa televisheni na kukazia macho pindo hizo huona vivuli hafifu vya bluu na manjano. King'amuzi huichukua mistari ya katikati na ya pindoni na kuiunganisha tena kwa vichujio vinavyolingana na vile vilivyotumika kuitenganisha.

Sehemu ya pili ya mfumo inahusu rangi. Katika PAL ya kawaida, rangi na undani wa mwangaza wa masafa ya juu hugawana nafasi moja, na televisheni hukosea kuvitenganisha. Ndipo shati la mistari myembamba linapoonekana kumetameta rangi ambazo halina. PALplus ilipunguza tatizo hilo kwa hesabu nzuri sana. Mistari miwili iliyo umbali wa mistari 312, mmoja katika kila nusu ya fremu, hupewa mwangaza wa masafa ya juu, ule wa kuanzia takriban 3 MHz, ulio sawa, na rangi iliyo sawa pia. Kwa kuwa wimbi la rangi hugeuka karibu kabisa kinyume baada ya mistari 312, ukijumlisha mistari hiyo rangi hufutika na mwangaza hubaki. Ukiitoa mmoja kwa mwingine, mwangaza hufutika na rangi hubaki. Katika hali ya filamu, ambapo nusu zote mbili za fremu zinatoka katika tukio la wakati mmoja, njia hii hufanya kazi bila masharti. Katika hali ya kamera nusu hizo zimepishana kwa sehemu ya hamsini ya sekunde, na kwa hiyo mtambo wa kusimba na king'amuzi vyote viwili hulazimika kupima mwendo na kubadilisha mbinu pale ambapo kitu kinasogea.

Sehemu ya tatu ni taarifa. Nusu ya kwanza ya mstari wa 23 hubeba biti 14 zinazoiambia televisheni umbo la picha, kama ni hali ya filamu au ya kamera, kama rangi imesimbwa kwa njia mpya, na kama ishara saidizi ipo. Biti hizi ziliandikwa kwa upana mkubwa makusudi, kila moja ikichukua zaidi kidogo ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, ili zisipotee hata kwenye vifaa duni. Uimara huo, kama itakavyoonekana, ulikuja kuwa mtego.

Mambo yalivyofuatana

Utafutaji ulianzia kwenye soko la mitumba, kwa sababu ving'amuzi vingi vya PALplus vilivyowahi kuuzwa kwa umma havikuwa vifaa vinavyojitegemea bali bodi zilizofungwa ndani ya televisheni pana za chogo. Taasisi ilinunua televisheni moja ya aina hiyo iliyokuwa bado inawaka vizuri. Kaseti ya VHS ilipochezwa, maandishi ya PALplus yalitokea kwenye kioo na picha ikajaza upana wote. Ilikuwa furaha kubwa, na kwa muda ilionekana kwamba kazi imekwisha isipokuwa kunasa picha hiyo.

Mhandisi hakuridhika na alichokiona. Picha ilijaa kioo lakini ilikuwa nyororo kupita kiasi, na juu ya kingo za mlalo kulikuwa na chembechembe zilizotetemeka, jambo ambalo halikulingana na mfumo uliosifiwa kwa utulivu wake. Aliunganisha oskiloskopu, chombo kinachochora umbo la ishara ya umeme, kwenye waya wa deki ya VHS na kutazama mistari ya pindoni mmoja mmoja. Mstari wa 23 ulikuwa na biti zake zote, safi na zenye kusomeka, zikitangaza kwamba ishara saidizi ipo. Mistari iliyofuata, kuanzia wa 24, haikuwa na chochote zaidi ya mnong'ono wa utepe.

Sababu yake iko katika namna VHS inavyorekodi. Deki hukata mwangaza kwenye takriban 3 MHz, na rangi huishusha hadi karibu 627 kHz kabla ya kuiandika kwenye utepe, ikiibana upana wake vibaya sana. Ishara saidizi, kwa kuwa imepanda juu ya wimbi la rangi, hupelekwa katika njia hiyo finyu na kutoka ikiwa imeharibika kiasi cha kutotambulika. Biti za mstari wa 23, kwa upana wake, hupita salama. Televisheni ikasoma taarifa ya kweli kuhusu matangazo, ambayo kwa kaseti ile haikuwa kweli tena, ikawasha king'amuzi chake, na king'amuzi kikaongeza kwenye picha mistari 144 ya mchanga badala ya undani.

Baada ya hapo macho yaligeukia kaseti ya D3. D3 ni muundo wa kidijitali uliotokea mwaka 1991, ambao, tofauti na miundo mingi iliyoufuata, haukutenganisha mwangaza na rangi: ulichukua ishara ya PAL ikiwa nzima na kuipima mara nne kwa kila mzunguko wa wimbi la rangi, yaani takriban sampuli milioni 17.73 kwa sekunde. Chochote kilichokuwa ndani ya ishara, hata kile ambacho deki haikuwa na habari nacho, kilihifadhiwa. Mashine za D3 zimekuwa adimu na vichwa vyake huchakaa, lakini kampuni moja ya kuhamisha rekodi ilikuwa bado na moja inayofanya kazi.

Faili la kwanza lililorudi kutoka kwa kampuni hiyo halikufaa. Utaratibu wa kawaida wa kampuni, unaofaa kwa karibu kaseti zote za D3, ulikuwa kupitisha ishara kwenye kitenganishi cha PAL ndani ya mashine na kuitoa ikiwa tayari imegawanywa katika mwangaza na rangi. Kwenye pindo za faili hilo vilionekana vile vivuli vya bluu na manjano, uthibitisho kwamba ishara saidizi ilikuwa kwenye kaseti. Hata hivyo kitenganishi kilikuwa kimeichukulia kuwa rangi ya kawaida, kikaubana upana wake na kuchanganya mstari mmoja na jirani yake. Hesabu ya mistari 312 nayo ilikuwa imeshavurugwa. Kilichohitajika ni ishara ile ile kabla haijaguswa na kitenganishi chochote.

Uamuzi wa kutotumia kifaa

Njia tatu ziliwekwa mezani, na ni vyema kueleza kwa nini mbili zilikataliwa, kwa kuwa kila moja ilikuwa na watetezi wake ndani ya taasisi.

Ya kwanza ilikuwa kutumia televisheni iliyokwisha nunuliwa. Tatizo halikuwa ubora wa king'amuzi chake, ambacho kilipopewa ishara ya D3 kilitoa picha nzuri sana. Tatizo lilikuwa kwamba picha hiyo haikuwa na mlango wa kutokea. Soketi ya SCART, ile ya kuunganishia vifaa nyuma ya televisheni, hutoa ishara ya PAL ikiwa bado haijang'amuliwa. Picha iliyong'amuliwa huenda moja kwa moja kwenye chogo, na katika televisheni hii ilikuwa imeongezwa kasi hadi 100 Hz njiani. Fundi mmoja alipendekeza kulehemu waya kwenye bodi kabla ya hatua ya mwisho. Hilo linawezekana kwa mtu mwenye michoro ya bodi, lakini lingetoa ishara ya analogia iliyokwisha kuchakatwa na vichujio vya kunoa picha vya mtengenezaji, na lingemlazimu mtu kufanya kazi ndani ya kifaa kinachobeba zaidi ya volti 25,000. Pendekezo la kuweka kamera mbele ya kioo lilitolewa pia, likakataliwa bila mjadala mrefu.

Ya pili ilikuwa king'amuzi cha kitaalamu cha kufungwa kwenye kabati la mitambo, cha aina iliyotumiwa na vituo kukagua matangazo yao wenyewe. Mkusanyaji mmoja wa vifaa vya zamani alikuwa nacho na alikuwa tayari kukiazima. Kilipowashwa, sehemu ya rangi ilifanya kazi lakini sehemu ya ishara saidizi haikutoa kitu. Huenda kapasita kuukuu ndizo zilizokuwa chanzo, huenda ni kitu kikubwa zaidi; bila kitabu cha matengenezo, hakuna aliyeweza kusema ukarabati ungechukua muda gani, na kifaa hakikuwa mali ya taasisi. Kilirudishwa kwa mwenyewe kikiwa kama kilivyokuja.

Ya tatu, iliyochaguliwa, ilikuwa kunasa ishara nzima ya PAL kutoka kwenye mashine ya D3, kuihifadhi kama sampuli tupu, yaani ghafi zisizochakatwa, na kuandika programu ya kuing'amua kwa kufuata maelezo ya mfumo, ambayo yalichapishwa kama kiwango cha ETSI, taasisi ya Ulaya ya viwango vya mawasiliano, nambari ETS 300 731. Hoja iliyomshawishi mkuu wa taasisi haikuwa ya kiufundi. Kifaa cha zamani kikipatikana, kingefanya kazi mara moja na matokeo yake yangekuwa ya mwisho. Sampuli tupu zingeweza kung'amuliwa upya kila programu itakapoboreshwa, hata baada ya mashine ya mwisho ya D3 kunyamaza.

Ilibaki kuamua watoe ishara kupitia mlango upi. Mashine ilikuwa na mlango wa kidijitali uliotoa sampuli zilezile zilizo kwenye kaseti, lakini kwa kasi ya takriban megabiti 177 kwa sekunde, ilhali kadi za kunasia zinazouzwa leo huanzia 270. Kutengeneza kipokezi maalumu kungechelewesha kazi wakati kampuni ikihesabu saa za mashine yake. Walitumia mlango wa analogia, wakanasa kwa kasi kubwa kuliko ile ya D3, na programu ikazipanga upya sampuli kwa kufuata mpigo wa rangi ulio mwanzoni mwa kila mstari.

Matokeo

Programu ilijengwa kwa hatua. Kwanza ilisoma biti za mstari wa 23 ili kujua hali ya kila sehemu ya onyesho. Kisha ilitenganisha rangi na mwangaza kwa hesabu ya mistari 312. Mwisho ilitoa ishara saidizi pindoni, ikisawazisha kiwango chake kwa alama za rejea zilizo kwenye mistari ya 23 na 623, na kuiunganisha na mistari 430 ya katikati. Mhandisi alikagua kila hatua kwa kulinganisha na televisheni ya chogo iliyowekwa pembeni ikichezesha ishara ileile. Kwa kazi hiyo, ununuzi ule wa mapema ulipata thamani ambayo haikukusudiwa.

Utangulizi wa onyesho, uliopigwa kwa filamu, ulitoka vizuri kiasi cha kutofautiana kidogo tu na picha ya studio. Nyuzi za mavazi na kamba za ngoma zilionekana kwa undani ambao haukuwepo kabisa katika faili la kwanza, na kumetameta kwa rangi za uongo kulitoweka. Ngoma yenyewe, iliyopigwa kwa kamera za video, ilikuwa ngumu zaidi. Mahali ambapo wachezaji walisogea haraka, kipima mwendo cha programu na kile cha mtambo wa kusimba wa miaka ya 1990 havikukubaliana kila mara, na pale vilipotofautiana kingo za mikono na miguu ziliacha alama za ngazi. Kipima mwendo kilirekebishwa mara nyingi na alama hizo zikapungua, ingawa hazikwisha.

Kulikuwa na kasoro nyingine ambayo haikutarajiwa. Mashine ya D3 inaposhindwa kusoma sehemu ya utepe, hukisia sampuli zilizopotea kwa kutazama za jirani. Katika picha ya kawaida makisio hayo hayaonekani. Ndani ya pindo za PALplus, ambako mstari mmoja haufanani na jirani yake kwa sura ya kawaida, makisio hayo yalizaa mimuliko ya mistari myembamba katikati ya picha. Suluhisho lilikuwa kuizima ishara saidizi kwa mistari husika pekee na kuiacha picha ijazwe kwa kunyooshwa kwa muda wa fremu hiyo moja.

Uchambuzi

Jambo lililofanikiwa zaidi halikuwa programu, bali uamuzi wa kutazama pindo kwa oskiloskopu. Kipimo hicho hakihitaji king'amuzi, hakihitaji televisheni pana, na kingeweza kufanywa kabla ya fedha yoyote kutumika. Kingeonesha mara moja kwamba kaseti ya VHS haina cha kung'amuliwa na kwamba mjadala wote ni wa kaseti ya D3. Taasisi ilianza na swali la mahali kifaa kinapopatikana kwa sababu ndilo swali linalojibika kwa kutafuta na kununua, na kwa sababu maandishi kwenye kioo cha televisheni yalikuwa ushahidi wa kuvutia. Biti za mstari wa 23 zinaeleza kilichoondoka kwenye mtambo wa kusimba. Hazielezi kilichofika kwenye utepe, na mtu yeyote anayekagua rekodi za nyumbani za enzi ile atakutana na taarifa hiyo iliyopitwa na wakati tena na tena.

Kushindwa kwa faili la kwanza la D3 kunahitaji lawama kidogo kuliko ilivyosemwa ndani ya taasisi. Kampuni ilifanya kile ambacho mteja wa kawaida angetaka. Agizo lilisema kaseti ihamishwe. Halikusema ishara itoke ikiwa nzima, na neno PALplus halikuandikwa popote kwenye fomu. Agizo la pili liliandikwa na mhandisi mwenyewe, likitaja mlango wa kutumia, mistari ambayo haipaswi kufutwa, na sharti kwamba kirekebishi chochote cha picha kizimwe. Kwa maoni yangu hati hiyo ya ukurasa mmoja ilichangia matokeo kuliko kifaa chochote kilichonunuliwa au kuazimwa.

Uamuzi wa kutumia mlango wa analogia unaweza kupingwa. Ulibadilisha sampuli kuwa volti na volti kuwa sampuli tena, na kelele kidogo iliyoingia katika safari hiyo iliangukia hasa kwenye ishara saidizi, ambayo kiwango chake ni kidogo tangu mwanzo. Picha ya filamu haikuathirika kwa namna inayoonekana. Lakini kama taasisi ingekuwa na kaseti nyingi za aina hii badala ya moja, gharama ya kutengeneza kipokezi cha megabiti 177 ingegawanywa na kazi yote ingestahili kuanzia hapo.

Kuhusu kaseti ya VHS, taasisi haikuitupa. Baadhi ya fremu ambazo utepe wa D3 ulizipoteza kabisa zilijazwa kutoka humo, zikiwa zimenyooshwa kutoka mistari 430 bila msaada wa pindo, na kumbukumbu ya faili inataja kila fremu ya namna hiyo kwa nambari yake. Sampuli tupu zimehifadhiwa pamoja na programu, nakala ya biti za mstari wa 23 kwa kila sehemu, na maelezo ya mipangilio ya kipima mwendo iliyotumika, kwa kuwa sehemu za ngoma zenye mwendo mkali ndizo zitakazohitaji kung'amuliwa upya.